Hadithi ya kutisha imekubaliwa kwenye antholojia ya Marekani: mkataba, kutangaza na haki ya Kiswahili

Kurunzi_Mbovu (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo wa wanaolijua soko la hadithi za kutisha la nje.

Hadithi fupi ya maneno 4,200 imekubaliwa kwenye antholojia (kitabu cha hadithi za waandishi mbalimbali) ya mchapishaji mdogo wa Marekani, kwa senti 8 za dola kwa kila neno. Mkataba wa kurasa nne umeingia leo na mhariri anautaka ndani ya siku kumi. Hadithi yenyewe ilianza kwa Kiswahili, nikaitafsiri mwenyewe. Ile ya Kiswahili ilishatoka sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp lenye watu kama 180.

Nataka kujua vipengele gani vya mkataba ni vya kupigania na vipi ni vya kawaida tu. Je, lile kundi la WhatsApp limeshaiharibu hadithi? Fedha zinapokelewaje huku kwetu? Na lini inaruhusiwa kutangaza, maana wasomaji wameanza kuulizia? Kuna mtu pia amenitajia kongamano la StokerCon na tuzo zake. Sijui kama ni jambo la mtu aliyeko Mombasa.

Natanguliza shukrani.

---

Msahihishaji

Hongera sana mkuu. Senti 8 ndicho kiwango ambacho SFWA, chama cha Marekani cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia, kimekihesabu kuwa cha kitaalamu tangu 2019. Hesabu yako inatoka dola 336. Hapo hujapunjwa. Hakikisha tu mkataba unataja idadi ya maneno au jumla ya fedha kwa tarakimu, kwa sababu hadithi ikikatwa maneno 300 wakati wa kuhaririwa unaweza kukuta na malipo yamekatwa.

Kaa sasa na kipengele cha haki. Hapo ndipo waandishi wa hadithi fupi huumia, kwa kuachia vitu ambavyo hata mchapishaji mwenyewe hana mpango wa kuvitumia.

Unachotakiwa kuuza ni haki ya kuichapisha kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza, kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, duniani kote, na upekee wa miezi 6 au 12 kuanzia siku kitabu kinapotoka. Upekee ukiisha, antholojia inaruhusiwa kuendelea kuuzwa na hadithi yako ndani yake, ila na wewe uko huru kuipeleka kwingine. Huo ndio mkataba wa kawaida na hauna ubaya.

Maneno ya kukufanya usimame ni haya. "All rights" maana yake umeuza kila kitu. "Work for hire" maana yake kisheria hadithi si yako tena, umeiandika kama kibarua wa mchapishaji. "In perpetuity", yaani milele, peke yake haitishi. Inatisha ikikaa sentensi moja na "exclusive", yaani kwa upekee, kwa sababu upekee huo hautakwisha. Halafu kuna "in all languages", yaani kwa lugha zote, na kwa hadithi yako hicho ndicho kipengele kikubwa kuliko vyote. Mchapishaji mdogo wa Marekani hana mtu wa kuuza tafsiri Nairobi wala Dar. Mara nyingi maneno hayo yamo kwa sababu mkataba ulinakiliwa kutoka mkataba wa riwaya. Ukiyasaini, siku ukitaka kutoa kijitabu cha Kiswahili itabidi uombe ruhusa ya kuchapisha hadithi uliyoitunga kwa lugha yako.

Muandikie mhariri kwa ufupi na kwa adabu: unashukuru, unaomba kipengele fulani kisomeke "English-language rights only", na haki za lugha nyingine zote zibaki kwa mwandishi. Taja namba ya kipengele na uyaandike maneno mapya kamili, asibaki kukisia unachotaka. Wahariri wa antholojia hupata maombi ya aina hii kila mara na hakuna atakayekufuta kwa kuuliza. Akikasirika kwa swali hilo, amekuonyesha mapema namna atakavyokuwa siku ya malipo.

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni ni kwamba upekee unahesabiwa kuanzia siku ya kutoka kitabu. Kisipotoka je? Wachapishaji wadogo huahirisha, hufilisika, au mhariri huugua. Bila tarehe ya mwisho hadithi inabaki imefungwa bila kuchapishwa na bila kurudi. Omba kipengele kinachosema kwamba kitabu kisipotoka ndani ya miezi 18 au 24 tangu kusaini, haki zote zinarudi kwako zenyewe, na ulichokwisha kulipwa kinabaki chako.

Omba pia msamaha wa upekee kwa mikusanyiko ya "bora za mwaka". Ellen Datlow amekuwa akihariri mkusanyiko wa kila mwaka wa hadithi bora za kutisha tangu 2009, na mikusanyiko ya namna hiyo huchukua hadithi zilizotoka mwaka uliotangulia tu. Ukiwa bado ndani ya upekee wa miezi 12, na hakuna msamaha huo, nafasi inakupita.

Filamu, televisheni na michezo havihusiki kabisa na antholojia, vifutwe. Sauti inakubalika ikiwa ni kwa kitabu kizima kusomwa kama kitabu cha sauti, si hadithi yako peke yake. Kipengele cha kumpa mchapishaji nafasi ya kwanza kwa kazi yako inayofuata kifutwe pia, hakina maana kwa hadithi moja. Malipo ndani ya siku 30 baada ya kutoka ni ya kawaida, baada ya kusaini ni bora zaidi. Mgawo wa "faida halisi" bila malipo ya mwanzo uukatae. Na siku hizi angalia kama kuna sentensi inayomruhusu mchapishaji kuuza maandishi kwa ajili ya kufundishia programu za akili mnemba. Kama ipo, iondolewe. Kama mkataba uko kimya kabisa, omba iongezwe sentensi ya kukataza.

Ukitaka kitu cha kulinganisha nacho, SFWA wameweka mikataba ya mfano kwenye tovuti yao, bure.

---

Binti Tumbatu

Msahihishaji amemaliza mengi. Mie nigusie hilo kundi la WhatsApp, kwa sababu linagusa mkataba moja kwa moja.

Karibu kila mkataba una sehemu ya viapo: mwandishi anathibitisha kwamba kazi ni yake na kwamba haijawahi kuchapishwa. Soma ilivyoandikwa. Ikisema haijachapishwa kwa Kiingereza, uko salama kabisa. Ikisema haijachapishwa popote kwa namna yoyote, usiweke saini kabla ya kumwambia mhariri.

Wahariri wengi wanafuata mantiki hii: je, mtu yeyote angeweza kuisoma? Ukurasa wa Facebook ulio wazi, blogu, Wattpad, chaneli ya Telegramu ambayo mtu yeyote anajiunga, hapo wanahesabu imechapishwa, hata kama imesomwa na watu kumi. Kundi dogo la waandishi wanaosomeana rasimu nyuma ya nywila halihesabiwi. Kundi la WhatsApp la wasomaji 180 liko katikati, na likiwa na kiungo cha kujiunga kinachosambazwa ovyo linasogea upande wa kuchapishwa. Yakiwemo malipo ya M-Pesa kwa kila sehemu, basi umeiuza, ndugu yangu, na hapo hakuna ubishi.

Kinachokuokoa ni lugha. Majarida mengi ya Kiingereza yanaichukulia tafsiri ambayo haijawahi kutoka kwa Kiingereza kuwa kazi mpya, na wengine wanaitaka hasa. Mwambie hivi: hadithi ilitolewa kwa Kiswahili kwa wasomaji wachache kwenye kundi la faragha, mwaka fulani, tafsiri ni ya mwandishi mwenyewe, na Kiingereza hakijatoka popote. Sentensi mbili zinatosha. Halafu omba kiapo kisomeke kuhusu Kiingereza. Tafsiri ukiifanya wewe hakuna mwingine mwenye dai. Ingefanywa na mtu mwingine angekuwa na hakimiliki ya tafsiri yake, ingebidi jina lake litajwe na mgawo wake uandikwe kabla ya kupeleka popote.

Na kuanzia leo usiweke sehemu yoyote ya Kiingereza mtandaoni, hata kwenye hali ya WhatsApp. Aya moja ya mwanzo kwa ajili ya tangazo inaruhusiwa, zaidi ya hapo muulize mhariri.

---

Daftari la Hesabu

Kuhusu fedha, kwa kifupi.

Mchapishaji wa Marekani anaweza kukutumia fomu W-8BEN. Ni fomu ya kueleza kwamba wewe si raia wala mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi. Unaijaza bure na unamrudishia yeye, haiendi kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho. Sehemu ya mkataba wa kodi iache wazi, kwa kuwa Marekani haina mkataba huo na Kenya wala Tanzania. Kwa sababu hiyo, akiamua kukata kodi ya zuio anaweza kukata asilimia 30, yaani dola 100.80 kwenye 336 zako. Wadogo wengi hawakati kwa malipo ya mara moja ya kiasi hiki, ila uliza mapema ili usishtuke.

Kwa aliyeko Kenya njia rahisi ni PayPal, kisha kuhamishia M-Pesa. Makato yapo mara mbili: PayPal inachukua ada ya kupokea, halafu kiwango chao cha kubadilishia dola kiko chini ya cha benki. Kwa dola 336 hundi usiikubali kabisa; benki inaweza kuishikilia wiki kadhaa na ada zikala sehemu kubwa. Uhamisho wa benki nao una ada ya kudumu kila upande, kwa hiyo unafaa kwa kiasi kikubwa zaidi ya hicho.

Hakuna hatua yoyote ambayo mwandishi anamlipa mchapishaji. Hakuna ada ya kusomewa baada ya kukubaliwa, hakuna kununua nakala kwa lazima. Nakala moja ya mwandishi ni haki yako. Ya karatasi ikiletwa Mombasa posta ni ghali kwao, hivyo wengine hutoa ya kielektroniki tu. Ukiitaka ya karatasi iandikwe kwenye mkataba.

---

Kurunzi_Mbovu

Shukrani sana wote, Bi Tumbatu na wakuu. Nimeangalia: "in all languages" ipo kweli kipengele cha 2, na tarehe ya mwisho ya kutoka haipo. Naandika barua usiku huu.

Swali la nyongeza: prufu (kurasa zilizopangwa za kukaguliwa kabla ya kuchapa) zikija niangalie nini, na je, kijitabu cha Kiswahili naweza kukitoa wakati upekee wa Kiingereza bado unaendelea?

---

Msahihishaji

Kipengele cha 2 kikirekebishwa, ndiyo, Kiswahili ni chako kuanzia siku hiyo hiyo. Kwa heshima tu usikitoe kabla ya antholojia, mhariri naye anahitaji kusema hadithi ni mpya.

Prufu kwa kawaida zinakuja kama PDF na unapewa wiki moja au pungufu. Wakati huo si wa kuandika upya. Unatafuta makosa ya mpangaji wa kurasa, na hadithi yenye maneno ya Kiswahili ndani ya Kiingereza ina makosa yake ya pekee.

La kwanza ni ncha za mistari. Programu ya upangaji inakata maneno kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo "Mwanaisha" linakatwa "Mwan-aisha" na "Kinondoni" linakatwa popote. Pitia ukingo wa kulia wa kila ukurasa peke yake, kuanzia juu hadi chini, bila kusoma hadithi.

La pili ni ile alama ya ng'. Tafuta ng' kwenye PDF yote. Programu hudhani ni alama ya kufunga au kufungua usemi, ikaigeuza upande, au ikaacha nafasi baada yake, na kwenye mazungumzo yaliyo ndani ya alama moja za usemi inavuruga sentensi nzima. Kwa "ng'ombe" na "Ng'ambo" alama iangalie kushoto kama tisa ndogo, isiwe kama sita.

La tatu ni herufi za mlalo. Wahariri wengine hulaza kila neno la kigeni: jini, mganga, kanzu. Wengine wameacha. Chagua unachotaka na umwambie mhariri kabla ya prufu, wakati wa kuhariri, kwa sababu kubadilisha maneno 60 kwenye prufu ni kumtesa mpangaji. Chagua moja tu; neno lililolazwa ukurasa wa pili na kusimamishwa wa tano linaonekana ni uzembe wako. Kwa hadithi ya kutisha, maoni yangu ni yasilazwe. Mhusika wa Kisauni anaposema jini hasemi kitu cha kigeni, na kulilaza neno kunampa msomaji ishara ya kuogopa kabla hujampangia.

Mwisho angalia jina lako pale juu, kwenye yaliyomo, na kwenye ukurasa wa hakimiliki. Ukurasa wa hakimiliki useme hakimiliki ni ya mwandishi, pamoja na mwaka.

Kuhusu kijitabu: maneno 4,200 ya Kiingereza, kwa Kiswahili yatakuwa machache zaidi, pengine elfu tatu na kidogo. Kwa karatasi ya A5 hizo ni kurasa 11 au 12, haitoshi kitabu. Weka hadithi nne au tano. Ukishona kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Karatasi ya gramu 80 inavumilia hadi kurasa 64 hivi, zaidi ya hapo kitabu kinapanuka mdomo na hakifungi. ISBN kwa Kenya inapatikana Maktaba ya Taifa, kwa Tanzania Bodi ya Huduma za Maktaba. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Hakimiliki yenyewe unayo tangu ulipoandika. Kusajili kwenye ofisi za hakimiliki, KECOBO ya Kenya au COSOTA ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku mtu akikunakili.

---

Popo wa Mkunazini

Kaka, hongera. Hayo ya kutangaza na ya mashabiki niachie mimi.

Usitangaze siku ya kukubaliwa. Ngoja mkataba urudi na saini za pande mbili, kisha muulize mhariri tarehe. Wachapishaji wa antholojia hupanga: kwanza orodha ya waandishi wote, baadaye jalada, baadaye tarehe ya kuagiza mapema. Ukitangulia unamharibia mpango, na waandishi wenzako ndani ya kitabu wanaona. Ukishapewa ruhusa, tangazo lako liwe na vitu vinne tu: jina la hadithi, jina la antholojia na mhariri wake, mwezi wa kutoka, na mstari mmoja wa hadithi inahusu nini. Malipo usiyataje. Wale wa "mwendelezo lini?" waambie wazi kwamba hii ni ya Kiingereza na ya Kiswahili itakuja kivyake, la sivyo watakudai kila siku kwenye kundi.

Waandishi wenzako wa kitabu kimoja ndio jamii yako ya kwanza. Sambaza matangazo yao kama unavyosambaza lako, soma hadithi zao kitabu kikitoka, taja moja au mbili zilizokushika na useme kwa nini. Mhakiki akikuponda, usimjibu, hata kama amekosea jina la mji. Mambo ya kuumiza yaliyomo, kama kifo cha mtoto au ukatili wa kijinsia, mpe mhariri orodha fupi akitaka kuweka onyo. Wasomaji wa fani hii wanalizoea na halipunguzi hofu ya hadithi.

Habari ikishatoka utaanza kupata barua pepe za sifa. Mtu anajifanya msimamizi wa klabu ya vitabu, anaisifu hadithi yako kwa maneno matamu yenye vijimambo vya ndani, halafu kuna "ada ndogo" ya kukutambulisha kwa wanachama. Futa. Writer Beware, ambayo inafuatilia utapeli wa namna hii tangu 1998, ina blogu. Tafuta jina la anayekuandikia pale kabla ya kumjibu lolote.

StokerCon ni kongamano la HWA, chama cha waandishi wa hadithi za kutisha. Lilianza 2016 Las Vegas, 2024 lilikuwa San Diego, 2025 Stamford. Kuna mijadala, usomaji wa hadithi, chumba cha kuuzia vitabu, na vikao vya kukutana na mawakala na wahariri. Tuzo za Bram Stoker hutolewa hapo, na zenyewe ni za zamani zaidi, zilianza na kazi za 1987. Sanamu yake ni kijumba cha mizimu, ukifungua kimlango chake unakuta bamba lenye jina la kazi na la mwandishi. Nuzo Onoh, mzaliwa wa Nigeria anayeishi Uingereza, alipewa tuzo ya mchango wa maisha ya mwaka 2022, kwa hiyo mlango kwa Waafrika umeshafunguka.

Lakini kwa hadithi moja ya dola 336 sishauri usafiri. Ada ya ombi la visa pekee ni dola 185 na hairudi ukinyimwa, bado nauli na hoteli. Kushiriki tuzo hakuhitaji uwepo wako. Hadithi yako, kwa kuwa haifiki maneno 7,500, inaingia kundi la hadithi fupi la Stoker, kwa mwaka ambao kitabu kimetoka. Wanachama wa HWA hupendekeza kazi na wanachama kamili hupiga kura. Kwa hiyo wajibu wako ni kuhakikisha wanaweza kuisoma: muulize mhariri kama atatuma PDF kwa wanachama, au akuruhusu wewe uitume kwa atakayeiomba.

Ya kwetu zaidi ni tuzo za Nommo, za ASFS, chama cha hadithi za kubuni za Kiafrika cha fantasia, sayansi na kutisha kilichoundwa 2016. Zilitolewa mara ya kwanza 2017. Wanaoteua ni wanachama, na wanachama ni waandishi na wahariri kama wewe, kwa hiyo jiunge ukishachapishwa. Kijitabu cha Kiswahili kikikua hadi kitabu kamili, iangalie tuzo ya Safal, ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea miswada ya Kiswahili.

Novemba na Desemba waandishi wa fani hii huweka chapisho moja la kazi zao zilizotoka mwaka huo: jina, mahali, idadi ya maneno, kundi la tuzo, kiungo. Weka lako, hata likiwa na mstari mmoja. Hiyo si kujisifu, ndiko wapendekezaji wanakopita kutafuta.

Na upekee ukiisha, usiiache hadithi ilale. Podikasti kama PseudoPod, iliyoko hewani tangu 2006, hupokea hadithi zilizokwisha kuchapishwa. Ikikubaliwa huko, mtumie msomaji karatasi ya matamshi na rekodi yako ya sekunde chache kwa kila jina: mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, "ng'" na "ng" kila moja na mfano wake, na majina ya watu yote hata yale unayodhani ni rahisi.